Miti Minne na Mkebe wa Rangi Nyekundu

Kabla sijaanza: ule mkebe wa rangi nyekundu uliopotea stoo wiki niliyostaafu, acheni kumsumbua mlinzi. Mlinzi hana hatia. Habari za mkebe nitawapa ikifika zamu yake. Mnivumilie, maana mimi nilivumilia barua na vikao vya chai miaka nenda miaka rudi, na sasa ni zamu yenu.

Siku ya kuniaga mlisema niandike kidogo juu ya kazi ili ninyi mnaobaki mpate kujifunza. Mkuu wenu wa sasa akaongeza kwamba ingefaa nieleze jinsi chuo kilivyojenga uhusiano mwema na majirani. Alisema hivyo akitabasamu, kama mtu anayezungumzia harusi. Jamani. Huo uhusiano mwema mnaousikia kwenye hotuba ulinipa vidonda vya tumbo. Lakini mmeomba wenyewe, basi kaeni mnisikilize.

Nilifika Lodwar mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwalimu wa useremala, nikitokea kwetu Taita ambako asubuhi kuna ukungu na mtu anavaa sweta bila kuonekana kichaa. Nilishuka kwenye basi la Kitale nikiwa na mkoba wa nguo na sanduku la vyombo: randa mbili, patasi sita, msumeno wa mkono, na bikari ambayo mwalimu wangu aliniachia. Getini nilipokewa na mtunza stoo, Mzee Lomuria, mtu mrefu, mkavu, mwenye shada la funguo lililofungwa kwa ukanda wa ngozi na kuning'inia shingoni. Hakuwahi kuziweka mfukoni. Alikuwa akisema mfuko hutoboka, shingo haitoboki.

"Wewe ndiye mwalimu wa mbao?" akaniuliza.

"Ndimi."

"Mwanamke?"

"Kama unavyoniona, mzee."

Akalitazama sanduku langu, akanitazama mimi, kisha akavua ufunguo mmoja kutoka kwenye shada. "Hapa hakuna mbao," akasema, akanikabidhi.

Na kweli hazikuwepo. Karakana ilikuwa na meza nne, jiliwa la kubania mbao lililokwama kwa mchanga, na paa la mabati ambalo ikifika saa nne asubuhi unaweza kuchoma chapati juu yake. Muhula wa kwanza nilifundisha viungo vya mbao kwa kutumia makreti ya soda. Mzee Lomuria ndiye aliyenifundisha kuishi na vyombo katika nchi ile. Alinionyesha kupaka misumeno mafuta ya mbuzi kila jioni, kuloweka mipini ya nyundo kwenye maji Jumapili, kwa sababu ikikauka sana kichwa huchomoka na kumpata mtu. Hayo alinifundisha kwa hiari yake. Mengine yote nilikuwa nayang'oa kwake kama msumari uliopinda, na hapo ndipo shida zangu zote zilipoanzia.

Wiki ya tatu Mkuu wa chuo aliniita ofisini. Alikuwa Bwana Mutiso, mtu msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Akaniambia, "Madam Wakesho, tumekuchagua uwe katibu wa kamati ya ujirani."

"Nani amenichagua, Bwana Mkuu?"

"Sisi."

Sisi alikuwa yeye. Wenzangu wote walikuwa wameshakataa. Mmoja alidai ana pumu, kana kwamba majirani ni vumbi.

Kazi ya kamati ilikuwa kushughulikia ua. Chuo kilikuwa kimetoka kuzungushia eneo lake ua wa seng'enge na nguzo za mwerezi zilizotoka Kitale kwa lori, tangu barabarani mpaka ukingoni mwa laga, ule mto wetu mkavu unaokumbuka kuwa mto siku chache tu kwa mwaka. Ndani ya ua, pale ukingoni, kulikuwa na migunga minne mikubwa. Sisi tuliiona mahali pa kuegesha mikokoteni kivulini. Basi kila juma, mahali palepale, kati ya nguzo ya saba na ya nane, seng'enge ilikuwa inafunguliwa na mbuzi wanaingia.

Mkuu aliita huo wizi. Sasa hebu nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo mimi, mtu niliyefunzwa kutazama kazi ya mikono, nilipaswa kufungua macho. Ile seng'enge haikuibiwa hata siku moja. Ilikuwa inafunguliwa kwenye misumari, inaviringishwa vizuri, miiba ikielekezwa ndani, inafungwa kwa kamba ya mkoma na kuegeshwa kwenye nguzo. Mwizi gani anakukunjia mali yako? Niliona, nikasema moyoni kwamba mtu huyu ana mkono mzuri, nikaita fundi arudishe waya. Juma lililofuata ikafunguliwa tena.

Tukafanya mikutano. Chifu akaja, majirani wakaja, chai ikanywewa, sukari ikaisha. Kila tulipouliza nani anakata waya, watu wote walisema hakuna mtu anayekata waya. Tulipouliza kama wanaupenda uhusiano na chuo, wakasema wanaupenda sana, na chai je, ipo bado? Mimi nikaandika kumbukumbu za mkutano. Mkuu akasema majirani waandikiwe barua rasmi, nikaiandika kwa Kiingereza kama alivyotaka, tukaibandika kwenye nguzo ya saba. Mbuzi wakaila. Mpaka leo naamini hiyo ndiyo barua pekee ya chuo iliyopokelewa vizuri na majirani muhula ule.

Mwaka uliofuata zikaja habari njema, na habari njema ndizo zinazotutia matatani. Shirika moja la ng'ambo lilikubali kutujengea karakana ya pili. Mchoro ulichorwa Nairobi na mtu ambaye sidhani aliwahi kuvuka Kitale, ukaja na mihuri mitatu, na karakana imekaa juu yake vizuri kabisa, ukingoni mwa laga, palepale penye ile migunga minne. Mkuu akaniambia miti ikatwe na wanafunzi wangu, iwe somo la vitendo.

Sitawaficha. Nilifurahi. Mwalimu wa mbao asiye na mbao anapewa miti minne mizima, angefanyaje? Nilikwenda stoo nikaomba rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka ndoo za mchanga wa kuzimia moto. Mzee Lomuria akanipa mkebe na brashi, akanifuata mpaka ukingoni, akasimama na funguo zake shingoni. Nikapaka msalaba mwekundu kwenye kila shina, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Nilipogeuka alikuwa bado ananitazama.

"Mzee, kuna nini?"

"Hakuna."

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Natazama rangi," akasema.

Kesho yake misalaba yote minne ilikuwa imefunikwa kwa tope na samadi, imesiribwa laini kama ukuta wa nyumba. Nikapaka tena. Ikasiribwa tena. Mara ya tatu nilikuwa nimepandwa na mori kiasi kwamba sikupaka rangi, nilichapa rangi. Kesho yake nikadamkia ukingoni kabla ya jua, nikamkuta.

Alikuwa bibi mmoja mkongwe, mwembamba, shanga zimemjaa shingoni hadi kidevuni, na kando yake karai la tope. Alikuwa anasiriba mti wa nne. Nikampigia kelele. Hakugeuka. Alimaliza sehemu yake, akalainisha kingo kwa kiganja, akanawa mikono kwa mchanga, ndipo akanigeukia na kunisalimu, "Ejok," kwa utulivu wote, kana kwamba tumekutana sokoni. Nami, kwa hasira zangu zote, ilinibidi niitikie ejok, maana huwezi kumwacha mtu mzima na salamu yake mdomoni.

Nikamwita Mzee Lomuria aje atafsiri. Wakaongea kwa muda mrefu, wao kwa wao, wakacheka kidogo. Jina lake Nakiru. Lomuria alimwita ata, yaani nyanya, nami nikafuata.

"Anauliza kama wewe ni mgonjwa," Lomuria akaniambia.

"Mgonjwa kwa nini?"

"Anasema mtu mwenye afya hawezi kuandika kwa mali ya mtu mara tatu."

"Mali ya nani?"

"Yake. Hii miti ni yake."

Nikahisi kichwa kinaniuma, na jua lilikuwa bado halijatoka. "Mzee Lomuria. Wewe ulijua?"

"Kila mtu anajua."

"Mikutano yote ile, mbona hukusema?"

"Hakuna mtu aliuliza. Nyinyi mliuliza nani anakata waya. Huyu hajakata waya. Anafungua tu."

Wallahi nilitaka kumchukua na funguo zake nimtupe ndani ya laga. Lakini ukikaa ukafikiri, alikuwa amejibu kila alichoulizwa.

Hivi ndivyo nilivyoelezwa asubuhi ile, na ninyi yashikeni, kwa sababu hayamo kwenye faili lolote la chuo. Kipande cha ukingo wa mto chenye miti huitwa ekwar, na kila ekwar ina mwenyewe. Hairithiwi kwa cheti, inarithiwa kwa kujulikana. Yeyote anaweza kupita, anaweza kupumzika kivulini, lakini hakuna anayetikisa tawi wala kukata ukuni bila ruhusa ya mwenyewe. Mgunga ule wenyewe wanauita ewoi. Kiangazi kikikaza na majani yakiisha nchi nzima, ewoi huangusha maganda yake, na hayo maganda ndiyo yanayowavusha mbuzi mpaka mvua. Mbuzi wa Ata Nakiru walikuwa hawana kitu kingine. Bila ile miti, kiangazi kimoja tu kingemmalizia kundi lote, na bila kundi, yeye na binti yake Apua wangekwenda kukaa kwenye foleni ya mahindi ya msaada. Ile miti aliachiwa na mama mkwe wake. Sisi tukazungusha waya. Yeye akawa anaufungua na kuukunja ili mbuzi wa mtu wasichomwe, akitumaini kwamba tukiona tutaelewa hapo ni njia. Hakuwahi kutudhania wabaya. Alidhani ni wajinga tu.

Nikaenda kwa Mkuu mbio mbio. Akanisikiliza akizungusha kalamu.

"Ana cheti cha ardhi?"

"Hana, Bwana Mkuu. Haya mambo hayana cheti."

"Basi kwenye ramani miti hiyo iko ndani ya chuo."

"Ramani ilichorwa na mtu ambaye hakuuliza."

"Madam Wakesho," akasema kwa upole ule unaoudhi kuliko matusi, "mchoro umeshapigwa mihuri."

Nikaandika barua kwa shirika. Tukangoja. Jibu likaja: walitushukuru kwa barua yetu. Basi, hivyo tu. Nikaandika nyingine, wakatushukuru tena. Sijawahi kushukuriwa sana maishani kama mwaka ule. Na mimi, kwa akili zangu, nikaona madhali barua imekwenda, jambo limeshikwa, hakuna haja ya kuhangaika na rangi. Sikuifuta misalaba ile. Ata Nakiru alikuwa anaisiriba, tope likibambuka anasiriba tena, mimi nangoja posta.

Wakati huo chuo kilikuwa na kozi fupi Kakuma, wakimbizi na wenyeji darasa moja, wakijifunza kutengeneza madawati na vitanda. Kila mwezi nilikwenda na lori la chuo kukaa siku mbili. Safari moja Ata Nakiru alikuja akasimama kando ya lori na fimbo yake na kigoda chake.

"Anataka kwenda Kakuma na wewe," Lomuria akasema.

"Kufanya nini?"

"Anasema kuna kitu uone."

Nikamkalisha mbele, kati yangu na dereva. Tulipofika, nikamaliza kufundisha, akanichukua mpaka kwenye laga ya pale, nyuma ya vibanda vya biashara. Ukingo ulikuwa mweupe, mtupu. Akaanza kutembea akigusa visiki kwa fimbo. Ndipo akafungua mdomo na kusema nami kwa Kiswahili, Kiswahili cha sokoni lakini cha kutosha kabisa. Kumbe siku zote alikuwa nacho. Hakuwa ameona sababu ya kunipa.

"Hii ilikuwa ya mama ya bwana yangu. Hii pia. Hii alinipa siku nilizaa Apua."

Ilikuwa ekwar yake ya kwanza, kabla ya ile ya Lodwar, nayo ya mama mkwe yule yule. Kambi ya wakimbizi ilipokuja, watu walikuwa wengi, na watu hupika.

Kwenye kisiki kimoja alikuwa ameketi mama mmoja wa kutoka Sudan Kusini, Achol, akiuza chai, birika lake mbele yake. Alinifahamu kwa sababu mdogo wake alikuwa mwanafunzi wangu. Akatukaribisha, kisha akaona jinsi Ata Nakiru anavyokitazama kile kisiki.

"Mwalimu, hii ilikuwa mti yake?"

"Ndiyo."

Achol akasimama taratibu, akapangusa kisiki kwa kanga yake. "Mimi nilikuta imekatwa. Lakini matawi nilipika, sitadanganya. Mama, kaa."

Ata Nakiru akaketi juu ya kisiki chake. Akapewa chai, akainywa yote. Achol alikuwa ameinamisha uso, anasogeza birika huku na huku bila sababu. Ata Nakiru akamrudishia kikombe, akamshika mkono, kisha akanigeukia mimi.

"Hawa walikuja na watoto, hawana moto. Mti yangu ikapika chakula ya watoto. Mimi nikanyamaza." Akanyoosha fimbo upande wa Lodwar. "Nyinyi kule, nyinyi iko na njaa gani?"

Nimefundisha miaka mingi na nimeulizwa maswali mengi. Lile nililala nalo usiku ule.

Tulirudi Lodwar kesho yake mchana, mimi nimeshaamua kwamba nikifika tu nachukua tupa na maji nafuta misalaba yote. Tulipokaribia geti nikasikia harufu ya mbao mbichi. Kwa seremala hiyo ni harufu ya furaha.

Mgunga mmoja ulikuwa chini. Mkuu alikuwa amepata taarifa kwamba wageni wa shirika wanakuja juma lile, akataka uwanja uwe tayari, akawatoa wanafunzi wangu na msumeno mkubwa wa watu wawili. Walikuwa hawajui mti upi waanze nao, wakaanza na ule ambao tope lilikuwa limebambuka. Msalaba wangu ndio uliowaonyesha. Na mwenye kuusiriba nilikuwa nimemchukua mimi mwenyewe, nikampandisha kwenye lori.

Mitatu ilisalimika kwa sababu ya Mzee Lomuria. Wanafunzi walipokwenda kula alichukua msumeno akisema meno yamekufa, akaufungia stoo, kisha ufunguo ukapotea. Mkuu alisimama mlangoni pa stoo akifoka, na Lomuria alipekua kila rafu na kila kopo, taratibu, ufunguo ukicheza shingoni mwake pamoja na wenzake. Hakuna aliyemuuliza kama uko shingoni.

Ata Nakiru aliukaribia ule mti. Hakulia. Alitandika nguo yake chini akaanza kuchuma maganda kwenye matawi, moja moja, mabichi kwa makavu, na mimi nikapiga magoti nikachuma naye. Mikono ikanichubuka kwa miiba. Tulipomaliza akafunga mzigo.

"Hii ilikuwa ya Apua," akasema. "Akiolewa."

"Nisamehe, ata."

Akaweka mzigo kichwani akaenda zake. Sikumlaumu.

Nilikwenda ofisini na mikono yangu ile ile yenye damu. "Bwana Mkuu, mti mmoja umetosha. Ukitaka wa pili, tafuta kwanza mwalimu mwingine."

"Unanitisha, Madam?"

"Nakujulisha."

Tulizozana mpaka makarani wakatoka nje wakajifanya wanatafuta hewa. Nikamwambia aliyonayo bibi yule ni ile miti mitatu, na kwamba tumemfanyia ubaya ambao hata wenye njaa kule Kakuma waliuombea radhi. Akaniambia moyo wangu ni mzuri lakini ujenzi hauendi kwa moyo. Maneno hayo yalinikera wiki nzima, na ndiyo yaliyonisaidia. Nikasema vyema, twende kwa futi.

Nikachukua utepe wa kupimia nikaenda ukingoni na Lomuria. Na safari hii, kwa kuwa nilikuwa nimeshapata akili kidogo, nikamuuliza. "Mzee, maji ya laga hii yakija, yanafika wapi?"

Akanyoosha kidole juu. Kwenye uma wa matawi ya mgunga, juu ya kichwa changu, kulikuwa na taka zilizokwama: vijiti, nyasi kavu, kipande cha kiatu. Niliziona kila siku nikadhani ni kiota.

Wageni walipokuja, mmoja wao alikuwa mhandisi, mtu wa maneno machache. Mkuu alimwonyesha mchoro, mimi nikamwonyesha kile kiatu. Akakitazama, akautazama mchoro, akauliza ni nani aliyeweka jengo ndani ya mto. Mkuu akapiga chafya. Siku hiyo hiyo karakana ikasogezwa hatua sabini kuelekea barabarani, pale ilipo mpaka leo, na mihuri mipya ikapatikana upesi ajabu.

Mnaona? Barua zangu zote kuhusu haki ya bibi mmoja hazikusogeza hata jiwe. Maji ambayo siku ile hayakuwepo yakasogeza jengo zima. Nilikwenda nyumbani nimeshinda, na nilikuwa na hasira kuliko siku zote nilizoshindwa.

Ule mti uliokatwa sikutaka uwe kuni. Muhula mzima nilihangaika nao. Mbao za mgunga ule ni ngumu, zinajipinda, zinaua randa. Nilinoa vyuma vyangu kila nusu saa na patasi moja ya mwalimu wangu ilivunjika. Nikatengeneza geti. Nikalisimamisha kati ya nguzo ya saba na ya nane, bawaba zake zimepakwa mafuta, lafunguka kwa kidole kimoja, halina kufuli wala mahali pa kutia kufuli. Kisha nikamwita Ata Nakiru, nimevaa gauni la kanisani, na wanafunzi wamejipanga.

Alilitazama juu hadi chini. Akapitisha kiganja kwenye ubao, akautambua mti wake, niliona kwamba ameutambua. Akalifungua, akalifunga, akalifungua tena.

"Geti mzuri," akasema. "Mbuzi wanakula geti?"

Wanafunzi wakacheka. Mimi sikucheka, na yeye hakuwa anatania. Akawapitisha mbuzi wake kwenda kwenye miti mitatu. Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali. Maganda ya miti mitatu hayakutosha kundi la miti minne, na wale ambao hayakuwatosha nilikuwa nawaona wakitolewa getini mmoja mmoja, wameshakufa. Apua akaolewa akiwa na mbuzi wachache kuliko alioahidiwa, na mti hakupewa, maana mama yake hakuwa na wa kumpunguzia.

Ata Nakiru ametangulia mbele ya haki. Mzee Lomuria naye, na funguo zilikabidhiwa kwa maandishi. Miti sasa ni ya Apua, ambaye ana mvi kama mimi. Geti bado lipo. Nimelibadilishia bawaba mara nyingi kuliko nilivyobadilisha miwani.

Sasa tuje kwenye mkebe. Wiki yangu ya mwisho nilikuwa nimekaa nje ya karakana nikinoa randa ya kuwaachia, nikakuona wewe, mwalimu mpya wa ujenzi, jina lako silitaji kwa sababu mama yako anaweza kusoma. Ulikuwa na mchoro wa bweni chini ya kwapa, umeshika mkebe wa rangi nyekundu na brashi, unaelekea ukingoni. Nikakuuliza unakwenda wapi. Ukasema, "Kuweka alama tu, Madam. Mchoro umeshapitishwa." Nikakuambia rangi hiyo imeganda, niachie niikoroge. Ukaniachia, ukashukuru.

Haikuwa imeganda. Ilikuwa rangi nzuri sana. Iko nyumbani kwangu, chini ya kitanda, na brashi pia. Ukiihitaji, kanione, nitakupa bila maneno. Ila pitia kwanza kwa Apua. Nyumba yake ni ya pili ukitokea getini. Usiende na barua. Msalimie, kaa chini, umuulize mama yake alitaka kumpa nini siku ya kuolewa kwake. Akimaliza kukujibu, kama bado utataka rangi, njoo uchukue.